MVUA YA MASIKA HAIPIGI HODI

SOMO LA AFYA: Nyumba ya Kariakoo kabla ya mvua

Na Mganga Msaidizi wa Zahanati

Leo somo letu ni nyumba. Huenda utauliza: "Mganga huyu ameacha dawa, sasa amekuwa fundi?" Dawa sikuiacha. Lakini magonjwa mengi yanayoletwa zahanati wakati wa mvua huanzia kwenye paa linalovuja, kwenye pipa lisilo na kifuniko na kwenye choo kilichojaa. Ukimtibu mtu ukaiacha nyumba yake vile vile, mgonjwa atarudi.

Tutaitazama nyumba ya Kariakoo, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Kwa nini Kariakoo, na sisi tuko kijijini? Sababu ni tatu.

Kwanza, mazao yetu yanakwenda huko. Anayepeleka vitunguu, nyanya au ndizi hulala kwa ndugu. Hula chakula cha huko na kunywa maji ya huko. Akiambukizwa huko, hurudi na ugonjwa kijijini.

Pili, wengi wetu tuna shangazi, kaka au mtoto aliyepanga chumba huko, au aliyerithi nyumba huko. Mwenye nyumba mwingine anaishi hapa hapa kijijini, na nyumba yake iko mjini.

Tatu, mvua ni ile ile. Inayoharibu nyumba ya mjini huharibu na ya kijijini. Basi tusome pamoja. Asiyejua kusoma vizuri asomewe na mwenzake.

NYUMBA HIYO IKOJE?

Jina la Kariakoo lilitokana na jina la kikosi cha wapagazi. Wapagazi hao walibeba mizigo ya jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya vita, watu walijenga hapo nyumba za Kiswahili. Leo maghorofa mengi yamechukua nafasi yake, lakini nyumba za zamani bado zipo Kariakoo, na pia Ilala na Magomeni.

Nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele. Katikati kuna ukumbi mrefu. Upande huu vyumba vitatu, upande ule vyumba vitatu. Nyuma kuna uani. Hapo uani ndipo penye jiko, bafu, choo, pipa la maji na kamba ya nguo.

Mara nyingi kila chumba kina watu wake. Basi familia sita hutumia uani mmoja na choo kimoja. Hili ni jambo jema kwa ujirani. Mtoto hulelewa na akina mama sita. Lakini kwa upande wa afya, kosa la chumba kimoja huwa ugonjwa wa vyumba sita.

MVUA ZA DAR ES SALAAM

Dar es Salaam ina mvua za misimu miwili. Vuli hunyesha kuanzia Oktoba hadi Desemba. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei. Masika ndiyo mvua kubwa.

Mvua hizi zimekwisha kutufundisha kwa uchungu. Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha, na Mto Msimbazi ukafurika. Watu zaidi ya 40 walikufa. Familia nyingi za mabondeni, kama vile Jangwani, zilipoteza kila kitu. Serikali iliwapa baadhi yao viwanja Mabwepande.

Mwaka 2014, na tena mwaka 2019, homa ya dengue iliwashika watu wengi wa Dar es Salaam. Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam, kisha kikasambaa katika mikoa mingi ya Tanzania. Ugonjwa haukulipa nauli. Ulisafiri ndani ya watu.

Kwa hiyo mwenye nyumba asingoje tone la kwanza. Mvua ni mkaguzi asiyepiga hodi. Huingia na kukagua sehemu nne: paa, uani, choo na chombo cha maji ya kunywa. Na sisi tukague hizo hizo kabla yake.

1. PAA

Kagua paa mwezi wa Januari au Februari, wakati wa jua. Ingia chumbani mchana, funga mlango na dirisha, kisha tazama juu. Ukiona kitundu chenye mwanga, mvua itapita hapo. Weka alama ya mkaa ukutani chini ya kila kitundu, ili fundi asitafute tena.

Mwambie fundi akague mambo haya:
- Misumari iliyolegea au iliyopoteza kofia.
- Bati lililoliwa na kutu. Hewa ya bahari hula bati upesi.
- Mbao zilizooza au kuliwa na mchwa.
- Gata lililojaa majani na mchanga.

Paa linalovuja lina ubaya gani kwa afya? Godoro hulowa. Ukuta huota ukungu. Mtu mwenye pumu hubanwa kifua. Mtoto hulala kwenye baridi. Tena, watu huhamisha kitanda kukwepa tone, na chandarua hakitundikwi usiku ule. Mbu hupata karamu.

Jambo jingine ni umeme. Maji yakiteremka ukutani mpaka kwenye swichi au soketi, usiguse. Zima swichi kuu ukiwa mkavu na umevaa viatu, kisha mwite fundi anayejua umeme. Kama swichi kuu yenyewe imelowa, usiikaribie. Ondoa watu chumbani na uite msaada. Waya uliochubuka ukigusa bati, paa zima huwa na umeme. Kamba ya nguo iwe ya nailoni au katani, isiwe waya wa chuma uliofungwa kwenye bati.

Gata nalo ni mali. Tufanye hesabu ndogo. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa, hupatikana lita moja ya maji. Tuseme paa lina urefu wa mita 12 na upana wa mita 10. Basi:

Mita 12 mara mita 10 = mita za mraba 120.

Ikinyesha mvua ya milimita 50 kwa siku moja:

120 mara 50 = lita 6,000.

Lita 6,000 ni sawa na madumu 300 ya lita 20. Maji hayo yote yasipokingwa, huanguka chini ya ukuta na kula msingi. Yakikingwa, huosha nguo, vyombo na choo, na fedha ya kununulia maji hubaki mfukoni.

Jengo la soko la Kariakoo, lililochorwa na Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilipewa paa la maumbo kama miavuli mikubwa. Mchoraji yule aliwaza habari za mvua tangu kwenye karatasi. Na sisi tuwaze kabla ya mawingu.

Lakini angalia: maji ya kwanza ya mvua huosha vumbi, mavi ya ndege na kinyesi cha paka juu ya bati. Yaache yamwagike. Anza kukinga baada ya paa kutakata. Na hata hayo, usiyanywe bila kuyachemsha.

2. UANI NA MBU WAKE

Watu husema, "Mbu ni mbu." Sivyo. Mbu wako namna mbalimbali, na kila namna ina kazi yake mbaya.

Mbu wa malaria huuma usiku. Kinga yake ni chandarua chenye dawa, kila usiku, masika na kiangazi.

Mbu wa dengue ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Yeye huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni. Hapendi sana mto wala ziwa. Hupenda maji yaliyotulia karibu na watu: ndani ya pipa, ndoo, tairi bovu, kifuu cha nazi, kopo, sahani ya chungu cha maua, na gata lililoziba. Kifuniko cha chupa kikiwa na maji kinamtosha.

Mbu wa tatu hupenda maji machafu: mifereji iliyoziba, chemba zilizo wazi na vyoo vya shimo vyenye maji. Yeye hueneza matende na mabusha. Watu wa pwani wanaujua mzigo huo. Katika miaka ya 1980 huko Makunduchi, Unguja, shanga nyepesi za plastiki ziliwekwa juu ya maji ya vyoo. Shanga zilielea zikafunika maji, na mbu wakakosa mahali pa kuzalia. Walipungua sana. Hayo yanatufundisha kwamba mbu akinyimwa maji, hana kizazi.

Yai la mbu huhitaji kama juma moja tu kuwa mbu kamili, hasa wakati wa joto. Kwa hiyo tuchague siku moja ya juma, kwa mfano Jumamosi. Siku hiyo vyumba vyote sita vitoke uani kwa nusu saa:
- Mwaga maji ya vyombo vidogo vyote.
- Sugua kuta za pipa kwa brashi. Mayai ya mbu wa dengue hung'ang'ania ukutani na hayafi upesi hata pipa likikauka.
- Funika pipa kwa kifuniko kinachobana, au kitambaa kilichofungwa kwa mpira.
- Toboa tairi bovu, au liondoe kabisa.
- Zibua gata na mfereji.

Takataka usizisukume mferejini ili mvua izibebe. Mvua huzibeba mpaka kwenye kona, hapo huziacha, na mfereji hurudisha maji barazani kwa jirani yako.

3. CHOO

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu.

Wakazi wa Dar es Salaam wana neno: kutapisha choo. Maana yake ni hii. Shimo la choo limejaa. Mwenye nyumba hangependa kulipa gari la kunyonya. Basi hungoja mvua kubwa ya usiku. Kisha hutoboa shimo pembeni na kuacha kinyesi kichukuliwe na maji ya mvua.

Soma mazungumzo haya darasani. Watu wawili wasome kwa sauti. Mmoja awe Bibi mwenye nyumba, mwingine awe Mpangaji.

MPANGAJI: Shikamoo, Bibi.

BIBI: Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana hivyo?

MPANGAJI: Choo, Bibi. Kimejaa. Jana maji yamepanda mpaka juu.

BIBI: Nimekiona. Lakini gari la kunyonya ni fedha nyingi. Tazama mawingu yale. Ikinyesha usiku, tutatoboa shimo, mvua itabeba. Marehemu babu yenu alifanya hivyo kila masika.

MPANGAJI: Itabeba ipeleke wapi, Bibi?

BIBI: Si mferejini. Kisha baharini.

MPANGAJI: Mfereji huo unapita mbele ya genge la mama anayetuuzia mchicha. Huuosha pale pale. Na bomba letu la maji limepita ndani ya mfereji, nalo limepasuka. Mjukuu wako akitoka shule huelea karatasi pale, anaziita meli.

BIBI: (Kimya kidogo.) Sasa fedha niitoe wapi? Nyinyi wenyewe kodi hamjanilipa. Wewe unadaiwa miezi miwili.

MPANGAJI: Ni kweli, Bibi, nadaiwa. Nitaanza mimi. Kesho nitakulipa mwezi mmoja. Jioni tuite wenzetu wa vyumba vyote. Wewe mwenye nyumba utoe nusu ya gharama, na nusu ya pili tugawane sisi sita.

BIBI: Na mtu akisema hana?

MPANGAJI: Atoe kidogo kidogo. Tuandike katika daftari.

BIBI: Haya. Andika wewe. Macho yangu hayaoni vizuri usiku. Mjukuu atanisomea.

Mwisho wa mazungumzo.

Ndugu msomaji, nani alikuwa na haki? Bibi alikuwa na haki kusema kwamba fedha ni ngumu. Mpangaji alikuwa na haki kusema kwamba kinyesi hakipotei. Kilichowasaidia ni kukaa na kuhesabu pamoja.

Tueleze sasa jinsi ugonjwa unavyopita. Mtu mwenye kipindupindu hutoa vijidudu katika kinyesi chake. Wengine hutoa vijidudu wakiwa hawaumwi kabisa. Kinyesi kikiingia katika maji ya mvua, huenea mtaa mzima. Hugusa mboga, miguu, viatu na vidole vya watoto.

Bomba lililopasuka nalo ni hatari. Maji yakiwa yanatoka kwa nguvu, husukuma uchafu nje. Maji yakikatika, bomba hubaki tupu na hunyonya maji machafu yaliyolizunguka. Maji yakirudi, uchafu huo hufika ndani ya kikombe. Ndiyo maana maji ya bomba nayo yachemshwe wakati wa mvua. Na bomba lililopasuka liripotiwe DAWASA mapema.

Basi tufanye nini?

Choo kinyonywe wakati wa kiangazi, si wakati wa mvua. Kiangazi gari hupita vizuri, na shimo halijaongezewa maji ya ardhini. Usingoje shimo lijae kabisa. Kinyesi kikibakisha kama nusu mita kufika juu, anza kutafuta gari.

Usimlipe mtu aingie ndani ya shimo na ndoo. Ndani ya shimo kuna hewa mbaya inayoua. Wa kwanza huanguka, wa pili huingia kumwokoa, naye huanguka. Nyumba moja hupoteza watu wawili kwa siku moja.

Zungusha ukingo wa saruji kuzunguka shimo ili maji ya mvua yasiingie. Maji ya paa yasielekezwe chooni. Kama mtaa wako una bomba kuu la maji taka, uliza namna ya kuunganisha nyumba.

Kijijini pia kumbuka: choo kiwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, yaani kama hatua 40 za mtu mzima. Na choo kiwe upande wa chini wa mteremko, kisima upande wa juu. Wazee wetu waliosoma katika vikundi vya Mtu ni Afya mwaka 1973 walijenga vyoo kwa mikono yao. Tusiiache kazi yao ibomolewe na mvua.

4. CHOMBO CHA MAJI YA KUNYWA

Chemsha maji mpaka yatokote kwa nguvu. Yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Yaweke katika chombo chenye mdomo mwembamba au chenye koki. Anayechota kwa kikombe hutia vidole vyake ndani, na vidole vilikuwa wapi, yeye ndiye anayejua.

Kama mkaa ni ghali, tumia dawa ya kutibu maji inayouzwa dukani. Fuata maandishi ya pakiti, usikisie. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu tope huipunguzia dawa nguvu.

Weka sabuni na maji karibu na mlango wa choo. Nawa baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kula. Dumu dogo lililotobolewa na kuning'inizwa kwenye mti linatosha. Halihitaji bomba.

FEDHA ITATOKA WAPI?

Tumeshasema mengi ya kufanya. Sasa hesabu. Haba na haba hujaza kibaba.

Tuseme nyumba ina vyumba sita. Katika kodi ya kila chumba, mwenye nyumba anaweka pembeni shilingi 5,000 kila mwezi.

5,000 mara 6 = shilingi 30,000 kwa mwezi.

Anaanza mwezi wa Juni, masika yakiwa yamekwisha. Anaendelea mpaka Februari. Hiyo ni miezi 9.

30,000 mara 9 = shilingi 270,000.

Hiyo ni fedha ya misumari, mabati machache, gata, saruji ya ukingo na sehemu ya gari la kunyonya. Nyumba yenye kodi ndogo iweke kidogo, lakini iweke. Kodi ya nyumba si mshahara mtupu. Sehemu yake ni ya nyumba yenyewe. Ng'ombe wa maziwa hukamuliwa, lakini pia hulishwa.

Fedha hiyo isichanganywe na fedha ya sokoni. Iwekwe benki, kwenye simu, au katika kikundi cha kuweka na kukopa kinachoaminika. Na iwe na daftari lake. Andika tarehe, kiasi kilichoingia, kiasi kilichotoka na kazi iliyofanywa. Weka risiti.

Neno moja kuhusu kodi ya jengo. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa mtu anaponunua umeme wa luku. Lakini ni kodi ya mwenye nyumba. Kama mpangaji ndiye anayenunua umeme, wakae na mwenye nyumba na kukubaliana namna ya kuirudisha, kwa mfano kwa kuipunguza katika kodi ya chumba. Jambo dogo likiandikwa haliwi ugomvi mkubwa.

Na wewe uliyerithi nyumba pamoja na ndugu zako, sikiliza. Nyumba ya urithi mara nyingi hufa kwa sababu kila mmoja hupokea kodi na hakuna anayeipeleka kwa fundi. Chagueni msimamizi mmoja. Aandike. Asomewe hesabu yake mbele ya ndugu wote, walau mara moja kwa mwaka, kabla ya masika.

UFA SI PAMBO

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo. Watu zaidi ya 20 walikufa, na wengine waliokolewa chini ya kifusi baada ya kazi kubwa.

Mganga hawezi kumfundisha mhandisi kazi yake. Lakini kila mtu ana macho. Chora mstari wa penseli mwisho wa ufa na uandike tarehe. Ufa ukipita mstari, unakua. Mlango ulioanza kukwama, ukuta uliovimba na sakafu iliyobonyea ni dalili. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa wahandisi wa halmashauri. Usichimbe chini ya ukuta wala kuondoa nguzo ili kupanua duka bila kibali na bila mhandisi. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wakati mwingine hupati hata nafasi ya kujenga.

MTU AKIUGUA

Akiharisha: mpe maji ya chumvi chumvi upesi, usingoje asubuhi. Koroga pakiti moja ya dukani au ya zahanati katika lita moja ya maji safi. Kama huna pakiti, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja. Vijiko viwe sawasawa, visirundikwe. Mtoto mpe kidogo kidogo kwa kijiko, na aendelee kunyonya. Yaliyobaki yamwage baada ya saa 24. Zahanati itampa mtoto pia dawa ya zinki.

Akiharisha maji mengi meupe kama maji ya mchele, hicho chaweza kuwa kipindupindu. Mpeleke mara moja. Anaweza kufa kwa saa chache. Endelea kumnywesha njiani. Usimfiche kwa aibu.

Akipata homa: apimwe malaria kwanza. Usinunue dawa mseto kwa kukisia. Kama hana malaria, yaweza kuwa dengue. Dengue huleta homa kali, maumivu nyuma ya macho na maumivu ya viungo. Kwa homa hiyo mpe panadoli na vinywaji vingi. Usimpe asprini, ibuprofeni wala diklofenaki, kwa sababu huweza kuongeza kutoka damu. Akitoka damu puani au kwenye fizi, akitapika mfululizo, au tumbo likimuuma sana, arudi zahanati upesi, hata kama homa imeshuka.

KALENDA YA MWENYE NYUMBA

Juni: Masika yamekwisha. Andika palipovuja. Anza kuweka fedha.

Julai na Agosti: Nyonya choo. Jenga ukingo wa saruji.

Septemba: Zibua gata na mifereji kabla ya vuli.

Oktoba hadi Desemba: Vuli. Kila Jumamosi mwaga maji ya vyombo. Tazama palipovuja upya.

Januari na Februari: Ziba paa. Kagua nyaya. Nunua chandarua, dawa ya maji na pakiti za maji ya chumvi chumvi. Sikiliza redioni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Machi hadi Mei: Masika. Chemsha maji. Usitapishe choo. Ukikaa bondeni na ukaambiwa hama, hama mchana, usingoje usiku.

Ikate kalenda hii uibandike ukumbini, mahali ambapo vyumba vyote sita huiona. Mwenye ndugu mjini ampelekee.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mbu wa dengue huuma saa ngapi? Huzaa wapi nyumbani kwako?

2. Kwa nini maji ya bomba yachemshwe wakati wa mvua?

3. Paa la mita 8 kwa mita 5 litatoa lita ngapi kwa mvua ya milimita 20? Hizo ni madumu mangapi ya lita 20?

4. Katika mazungumzo, Bibi alikubali kwa sababu gani? Wewe ungesema nini kama ungekuwa mpangaji? Na kama ungekuwa mwenye nyumba?

5. Kijijini kwetu, choo cha nani kiko karibu mno na kisima? Tutamsaidiaje bila kumwaibisha?

Jibu la swali la 3: lita 800, madumu 40.

Baada ya kujadiliana, kila mwanakisomo arudi nyumbani, aingie chumbani mchana, afunge mlango na kutazama juu.